Ganda ndilo adimu

Kwa Kiswahili, risasi ni madini, na risasi ni kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki. Neno ni moja. Sikuwahi kulipa uzito jambo hilo mpaka usiku mmoja ndani ya stesheneri yangu, Kunduchi Mtongani, mlango nimeufunga nusu, feni inazunguka, nacheza Fallout: New Vegas kwenye kompyuta ileile ninayochapia wateja CV mchana kutwa. Nilikuwa mbele ya benchi la kujazia risasi, nalo lilinidai vitu vinne: ganda, fataki, baruti na risasi. Yaani ili nitengeneze risasi, lazima niwe na risasi. Palepale nikamkumbuka mjomba.

Mjomba ni mvuvi wa mshipi. Chubwi zake, vile vizito vya kuzamisha mshipi, hazinunui dukani, anazimimina mwenyewe. Tangu nikiwa mdogo nimemwona akiyeyusha risasi kwenye kopo, lakini sikuwahi kukaa naye kwa makini. Gemu ndiyo iliyonirudisha kwake. Nasema hivyo bila aibu, kwa sababu watu wengi mtaani kwetu wakisikia mtu mzima anacheza gemu wanaona amepoteza muda.

Kwa ambaye hajaicheza: gemu hii ilitoka Oktoba 2010, imetengenezwa na Obsidian Entertainment. Ni mwaka 2281, dunia imeshapigwa mabomu ya nyuklia zamani, na wewe ni mpeleka vifurushi kwenye jangwa la Mojave. Unapigwa risasi ya kichwa, unafukiwa, unafukuliwa, unazinduka kwa daktari katika kijiji cha Goodsprings. Fedha ya huko ni vizibo vya soda. Rafiki zangu wengi waliocheza walikuwa wakikusanya vizibo na kununua risasi, basi. Mimi nilivutwa na lile benchi.

Utaratibu wake ni huu. Risasi nzima uliyookota unaweza kuifumua, kama fundi anavyofumua injini, ukapata vipande vyake. Ganda ni ile shaba inayoshika kila kitu. Fataki ni kile kitako kidogo kinachogongwa na kuwasha moto (wengi wetu neno hilo tulilijua kwa matangazo ya redio ya yule mzee anayenyemelea wanafunzi, lakini maana yake ya mwanzo ni kitu kinacholipuka). Kisha baruti. Kisha risasi yenyewe, madini, inayokuwa kichwa. Ukishavipata unavipanga upya na kujaza risasi ya aina nyingine, ili mradi ustadi wako wa ukarabati unatosha. Na ukifyatua, mara nyingine ganda linarudi mkobani kwako. Mara nyingine, si kila mara.

Sasa vipande hivi havilingani, na hapo ndipo nilipoumia. Fataki zina aina zake: ndogo ya bastola, kubwa ya bastola, ndogo ya bunduki ndefu, kubwa ya bunduki ndefu, na ya shotigani peke yake. Baruti nayo kuna ya bastola na ya bunduki ndefu. Madini ya risasi hayana ubaguzi, yanaingia popote. Lakini ganda ni la risasi ya aina yake tu. Ganda la 9mm halitakuwa ganda la .357 hata ulibembeleze vipi.

Mimi nilikuwa nimeipenda bunduki ya Cowboy Repeater, inayotumia .357 Magnum. Bastola yangu ya 9mm nilikuwa nimeshaiuza. Kwa hiyo kufumua risasi za 9mm ilikuwa akili nzuri kabisa, maana fataki yake ni ndogo ya bastola, sawa na ya .357, na baruti yake ni ileile. Zilikuwa zaidi ya mia tatu. Nikazifumua zote. Nikaona namba zinapanda: fataki mia tatu na kitu, baruti tele, risasi tele. Utamu ukanikolea. Nikaangalia mkobani kuna nini kingine cha kufumua, nikakuta risasi za 5.56, karibu mia na themanini. Hizo zilikuwa za Varmint Rifle, bunduki niliyopewa kule Goodsprings na Sunny Smiles, yule dada anayekufundisha kulenga chupa. Bunduki ilikuwa bado ninayo. Nzima. Nikafumua zote.

Nilipata nini humo? Fataki ndogo za bunduki ndefu, ambazo .357 haizitaki. Baruti ya bunduki ndefu, ambayo .357 haiitaki. Na madini ya risasi, ambayo nilikuwa nayo ya kutosha kujengea ukuta. Kisha nikaenda kwenye mstari wa .357 nijaze, benchi likaniambia naweza kujaza 41. Kwa nini 41? Kwa sababu maganda ya .357 yalikuwa 41.

Nilikaa nikiitazama ile namba. Ilikuwa saa sita na nusu usiku, mbwa wa jirani anabweka. Bado sikuelewa. Nikajaza zile 41, nikasema zitatosha, nikashika njia ya kaskazini kupitia Quarry Junction.

Anayeijua Mojave anajua kilichonipata. Quarry Junction ni machimbo ya mawe, na machimbo yale yamekaliwa na Deathclaw, madude makubwa ya gemu yenye makucha marefu. Mimi nimekulia karibu na machimbo, hapa kwetu kina mama wanagonga kokoto juani mpaka leo, kwa hiyo lile shimo lenye ngazi za mawe nililizoea kwa sura, nikashuka kama mtu anayeingia kwao. Deathclaw ana ngozi ngumu na mbio za ajabu. Risasi kumi na tano zikaishia kwa mmoja. Wa pili alinifikia nikiwa nafyatua huku narudi nyuma. Nikafungua mkoba kutafuta Varmint Rifle: ipo, haina hata risasi moja, na mkoba umejaa vipande. Benchi halibebeki. Lipo kule nilikotoka, mimi nipo hapa na madini, fataki na baruti ambavyo haviwezi kumpiga mtu.

Nilikufa pale mara tano. Nilikuwa na sevu, yaani mchezo niliouhifadhi, ya siku tatu nyuma ambayo ndani yake risasi zote bado zilikuwa nzima. Ningeweza kuirudia. Sikuirudia, na sababu ni Jumamosi iliyofuata.

Jumamosi hiyo nilikwenda kwa mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Umevaa viatu? Vizuri. Ukiwa peku usisogee hapa."

Alikuwa amewasha jiko la mkaa uani, juu yake kopo la maziwa lililoungua mpaka likawa jeusi. Pembeni ndoo ya vyuma vya balansi, vile vipande vinavyogongwa kwenye rimu za magari ili tairi lisitetemeke. Huvichukua kwa mafundi wa matairi, vikishatolewa. Sio vyote ni risasi siku hizi, vingine ni chuma, vingine zinki, na kwa macho vinafanana. Kwa hiyo kabla ya kuvitia kwenye kopo alikuwa anakichukua kimoja kimoja na kukiminya kwa koleo. Kikiacha alama ya meno, ni risasi, anakitia. Kikikataa, anakitupa upande wa pili. Zinki ikiingia inaharibu mmimino wote, akaniambia, chubwi inatoka na vishimo. Mikono yake ilikuwa inakwenda haraka kuliko nilivyoweza kufuata: minya, tia, minya, tupa, minya, tia.

Risasi huyeyuka kwenye nyuzi joto 327, jiko la mkaa linazifikia bila shida. Ilipoanza kulegea, zile klipu za chuma zilizoshikilia vipande kwenye rimu zikaelea juu, kwa sababu risasi ni nzito kuliko chuma. Akaziopoa kwa kijiko cha mpini mrefu. Juu kukabaki utando wa kijivu, kama ukoko wa uji. Akauondoa. Chini yake ikatokea risasi yenyewe, inang'aa kama kioo, mpaka nikaona mti wa mwarobaini uliokuwa juu yetu ukiwa ndani ya kopo.

Kalibu yake ni vipande viwili vya chuma vilivyochongwa, vinafungwa pamoja, katikati pana tundu lenye umbo la chozi. Alikuwa ameiweka karibu na moto muda mrefu kabla. Nilimuuliza kwa nini. "Umande," akasema. Tone moja la maji likibaki mle ndani, risasi inaruka usoni. Akaweka waya uliokunjwa kwa ajili ya jicho, akamimina mara moja tu bila kusita, akahesabu kimyakimya, akafungua. Chubwi ikadondoka kwenye mchanga.

Kando yake kulikuwa na bakuli la chubwi za zamani, nikamuuliza kama nizitie nazo, moto si upo? Akazichambua kwa kidole. Tatu akanipa, waya wa jicho ulikuwa umekatika. Zilizobaki akazirudisha. Moja ilikuwa imechakaa vibaya, imepinda, ina alama za mwamba.

"Hii je?"

"Hiyo kesho ninaenda nayo. Jicho lake zima. Niiyeyushe ili nipate nini? Risasi? Risasi si hiyo hapo ndoo nzima."

Nilirudi nyumbani nimenyamaza. Ndiyo maana sikurudia ile sevu ya zamani. Niliona kama nitaifuta ile kazi, nitafumua tena kwa namna nyingine, na sitajua.

Nikaendelea na ule mkoba wangu wa vipande. Ilinichukua karibu wiki mbili za usiku. Niligeuza mwendo kabisa. Kwanza, fataki na baruti za bunduki ndefu nikazirudisha kwenye maganda yaleyale ya 5.56 niliyoyafumua, maana maganda yalikuwepo, na Varmint Rifle ikapata chakula chake. Pili, nikaanza kutumia .38 Special kwenye Cowboy Repeater. Hili wachezaji wengi hawalijui: risasi ya .38 inaingia kwenye bunduki ya .357. Na si uzushi wa gemu. Katika bunduki za kweli vichwa vya risasi hizi mbili vina kipenyo kilekile cha inchi 0.357, tofauti ni kwamba ganda la .357 Magnum lilifanywa refu kidogo ili lisiingie kwenye bastola dhaifu za .38. Fupi inaingia kwenye ndefu, ndefu haiingii kwenye fupi. Basi .38 nikawa namalizia wanyama wadogo na majambazi wa njiani, .357 nikazitunza kwa wakubwa, na nikawa makini kutofyatua hovyo .357 hata moja.

Tatu, nikaweka pointi kwenye ukarabati. Kuna uwezo maalumu unaitwa Hand Loader, unahitaji leveli ya 6 na ukarabati wa 70. Leveli ya 6 unaifikia mapema, ila ile 70 ndiyo inayowashinda wengi, kwa sababu unapenda kupandisha ulengaji na maneno matamu kwanza. Ukiupata, maganda yanarudi mara nyingi zaidi unapofyatua, na benchi linakufungulia zile aina za juu zinazojazwa kwa mkono. Ningeanza upya leo, ningeuchukua siku ya kwanza unaporuhusiwa. Baada ya kuupata ndipo nilipoanza kuona idadi ya maganda ikikaa palepale baada ya pambano, badala ya kuporomoka.

Kuna jambo jingine nililokuwa nikilifanya vibaya na halikuhusu benchi. Nilikuwa nafyatua risasi yoyote iliyo juu. Katika gemu hii kila adui ana kiwango cha ngao, na kila risasi inapomgonga kiasi hicho kinakatwa kwenye nguvu yake, japo angalau asilimia 20 hupenya. Chukua risasi yenye nguvu 30 na adui mwenye ngao 15. Ya kawaida inampenya 15. Ya kutoboa ngao inapunguza ile ngao kwa 15, kwa hiyo inampenya 28 na nusu, kwa sababu yenyewe ina nguvu pungufu kidogo. Ile yenye kichwa cha tundu ina nguvu zaidi, 52 na nusu, lakini ngao mbele yake inahesabiwa mara tatu, inakuwa 45, ingebaki 7 na nusu, ila ile asilimia 20 ya lazima inaifanya impenye 10 na nusu. Mtu yuleyule angekuwa hana ngao, ya kichwa cha tundu ingempa zote 52 na nusu. Mimi nilikuwa nimezimaliza za kutoboa ngao kwa mbwa wa jangwani wasio hata na kitambaa mwilini, halafu nikaenda kwa Deathclaw mikono mitupu. Hesabu hizi nilizifanya nyuma ya karatasi ya kopi iliyoharibika, na karatasi hiyo bado nimeibandika ukutani dukani. Wateja huniuliza ni somo gani.

Kuhusu risasi za bei rahisi, zile za masalio ya 5.56, nazo nilijifunza kuziogopa kidogo, zinachakaza bunduki haraka. Sisi wa stesheneri tunalijua hili. Katriji ya printa unaweza kuijaza tona ukaitumia tena na tena, lakini tona mbovu ukiitia, unaokoa pesa kwenye unga na unakuja kuimaliza kwenye ngoma.

Jambo ambalo sikulitegemea lilitokea nje ya gemu. Kwa kuwa neno risasi lilikuwa halinitoki kichwani, nikaanza kusoma habari zake, namaanisha madini. Nikakuta ni sumu. Inaingia kwa mvuke unaovutwa wakati wa kuyeyusha, na zaidi kwa vumbi linaloshika mikono na nguo kisha likafika kwenye chakula. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto, akili zao zikiwa bado zinakua. Nikakumbuka ule uwanja. Jiko la risasi lilikuwa hatua nne kutoka jiko la ugali. Wajukuu wa mjomba walikuwa wanachezea ule utando wa kijivu alioukung'utia mchangani, mmoja ameushika kama unga.

Nilishindwa kumwambia. Mtu aliyekubeba mgongoni, utamwambiaje kwamba anachofanya miaka yote kinadhuru wajukuu wake? Siku mbili nikazunguka nalo. Mwishowe nikamweleza mama, ambaye ndiye dada yake mkubwa. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akajitanda kanga, akaenda. Sijui walizungumza nini. Ninachojua ni kwamba wiki iliyofuata jiko lilikuwa limehamia ufukweni, nyuma ya ngalawa iliyovunjika, upande ambao upepo unapeleka moshi baharini. Kuna kipande cha sabuni kimefungwa kwenye wavu, na shati la kazi hiyo halirudi nyumbani. Mimi mjomba hajawahi kuniambia neno lolote juu ya jambo hili. Lakini nikifika, ananikabidhi sabuni kabla ya salamu.

Mwezi uliopita alikuja dukani kutoa kopi ya leseni yake ya uvuvi. Mashine ilikuwa inapata moto, nikamwomba akae kidogo. Kwenye kioo benchi la kujazia lilikuwa limefunguka. Akavaa miwani.

"Ndiyo ile unayomsumbulia mama yako?"

Nikamwonyesha. Hapa maganda, hapa fataki, hapa baruti. Kwenye neno baruti alikunja uso, maana kwa mvuvi wa mshipi wa pwani hii neno hilo ni wale wanaolipua samaki na kubomoa matumbawe, na ana ugomvi nao wa miaka. Nikamwambia hapana mjomba, hii ni ya bunduki. Akaendelea kusogeza kidole kwenye kioo, anasoma namba kimoja kimoja.

"Hii ndiyo risasi? Madini?"

"Ndiyo."

"Unazo elfu moja mia nane."

"Ndiyo mjomba."

"Na maganda?"

"Sitini na mbili."

Akanitazama juu ya miwani. "Na risasi bado unaokota?"

Nilikuwa bado naokota. Kila nilipofumua kitu, kila nilipopita kwenye duka, nilichukua, kwa sababu ipo na inachukulika. Sikuwa na la kumjibu. Mashine ikaita, nikamtolea kopi mbili, moja nikaitia plastiki ili isilowe chomboni. Alipoondoka nikamkokota yule mpeleka vifurushi wangu mpaka kwa Gun Runners, wauza silaha wa mle kwenye gemu, nikauza madini yote isipokuwa mia moja, na vizibo vyote nilivyopata nikavimalizia kwenye maganda ya .357.